Kukutwa na Kijidudu Hakutoshi Kuitwa Ugonjwa

Yeyote aliyepita Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, au stendi ya Mafinga, siku za karibuni ameisikia sauti ya spika ikitangaza upimaji wa afya kwa bei nafuu: tone la damu, mkojo kidogo, choo kidogo kwenye kikopo, na majibu ndani ya dakika chache. Watu hujipanga, wala siwalaumu, kwa kuwa foleni ya hospitali ni ndefu zaidi. Huondoka na karatasi inayosema wamekutwa na taifodi, au UTI, au bakteria wa tumbo, mara nyingine vyote vitatu kwa pamoja, na kabla jua halijazama wengi wao wamekwishaanza kumeza antibayotiki. Lugha yetu yenyewe imezoea mtindo huu. Mtu haelezi tena anaumwa nini na tangu lini; anasema amekutwa na “malaria mbili” au amekutwa na taifodi, kama msafiri aliyekutwa na bidhaa za magendo kwenye begi.

Wengi wanalisoma wimbi hili kama ushindi wa sayansi dhidi ya kubahatisha, na kwa sehemu wako sahihi, kwa sababu kupima ni bora kuliko kukisia. Kinachoeleweka vibaya ni maana ya majibu yenyewe. Karatasi inasema kijidudu fulani, au alama zake, vimeonekana. Msomaji anaelewa kwamba ugonjwa umeonekana. Kati ya kauli hizo mbili pana pengo, na hoja ya makala haya ni kwamba pengo hilo ndilo kiini cha elimu nzima ya magonjwa ya kuambukiza. Hakuna kijidudu kinachobeba ugonjwa ndani yake kama jiwe linavyobeba uzito. Ugonjwa hutokea pale kijidudu chenye zana fulani kinapofika mahali fulani mwilini, kwa wingi unaotosha, kikakuta mwili wenye hali fulani. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, mara nyingi hakuna kinachotokea, na mwenye mwili huo hatajua kamwe kwamba alikuwa na mgeni.

Hata hivyo, imani kwamba kijidudu na ugonjwa ni kitu kimoja haikuzuka sokoni. Machi 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza jijini Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu, na kutokana na kazi yake na ya wasaidizi wake zikazaliwa kanuni zinazofundishwa vyuoni hadi leo: kijidudu kionekane kwa kila mgonjwa, kioteshwe peke yake maabara, kikipandikizwa kwa mnyama mzima kilete ugonjwa uleule, kisha kipatikane tena kwa mnyama huyo. Kanuni hizo zilizika fikra za hewa chafu kuwa chanzo cha maradhi, na zimeokoa watu wasiohesabika. Lakini nyufa zake zilionekana mapema, tena na watu walewale waliozijenga. Mwaka 1884 Friedrich Loeffler, msaidizi wa Koch, alipokuwa akimsaka bakteria wa dondakoo, alimkuta kwenye koo za wagonjwa, na akamkuta pia kwenye koo la mtoto asiyeumwa chochote. Angeweza kulinyamazia jambo hilo, aliliandika. Koch mwenyewe, baada ya kipindupindu kuikumba Hamburg mwaka 1892, alilazimika kukiri kwamba wapo watu wazima wa afya wanaobeba bakteria wa ugonjwa huo matumboni mwao.

Mwaka huohuo mpinzani wake mkubwa, Max von Pettenkofer wa Munich, aliyeamini kwamba bakteria peke yake hatoshi kuleta kipindupindu bila hali fulani za udongo na majira, alifanya jambo ambalo leo lingemfikisha mbele ya kamati ya maadili. Tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na umri wa miaka 73, alikunywa mbele ya mashahidi mchuzi wenye bakteria hai wa kipindupindu, baada ya kutuliza asidi ya tumbo lake kwa magadi. Aliharisha kidogo kwa siku chache, akapona. Mfuasi wake Rudolf Emmerich alirudia jaribio hilo siku chache baadaye, akaumwa zaidi, naye akapona. Historia imemhukumu Pettenkofer kuwa mkaidi aliyebahatika, na kuhusu udongo alikosea kweli. Lakini swali lake halikuwa la kipuuzi: iweje bakteria yuleyule aue maelfu Hamburg na kumpa mzee wa Munich tumbo la kuharisha tu? Ilichukua takriban karne nzima kulijibu ipasavyo, na jibu lake lina sehemu zaidi ya moja.

Sehemu ya kwanza ni zana. Bakteria wa kipindupindu, ukiwahesabu kwa makundi yanayotofautishwa na ganda lao la nje, wana makundi zaidi ya 200, na wengi wao huishi kwenye maji ya mito na bahari bila kumdhuru mtu kwa kiwango cha kuleta mlipuko. Milipuko mikubwa tunayoijua imeletwa na makundi mawili tu, O1 na O139. Wabaya hao huwa na sumu inayoulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi, na ugunduzi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba jeni la sumu hiyo halikuwa mali ya asili ya bakteria: liliingizwa na kirusi kinachoshambulia bakteria, aina ambayo wanasayansi huiita bakteriofaji. Hadithi ya dondakoo ni ileile, nayo ilijulikana mapema zaidi, mwaka 1951, ilipobainika kwamba bakteria wa dondakoo asiye na madhara huanza kutengeneza sumu pindi anapoingiwa na kirusi chenye jeni lake. Kwa hiyo bakteria wawili wanaofanana kwa umbo, jina na tabia zote za maabara wanaweza kuishi kwenye koo moja, mmoja akiwa jirani mwema na mwingine muuaji, na tofauti yao ikawa kipande kidogo cha jeni ambacho muuaji alikipata kutoka kwa kirusi. Hata mwenye sumu haitoi ovyo ovyo. Bakteria wa dondakoo huitengeneza pale madini ya chuma yanapoadimika, na mwili wa binadamu huyaficha madini hayo kwa bidii. Uhaba huo humjulisha kwamba yuko ndani ya mwili wa mtu.

Jambo hili lina uthibitisho ambao kila mama aliyepeleka mtoto kliniki ameushika mkononi bila kuutambua. Chanjo ya dondakoo na ile ya pepopunda, zilizomo kwenye sindano ileile ya utotoni, hazimfundishi mtoto kupambana na bakteria. Zinaufundisha mwili wake kuipokonya sumu nguvu. Bakteria wa pepopunda yumo kwenye udongo wa shamba na kwenye samadi ya ng’ombe kila siku. Hakuna anayejaribu kumwondoa. Mtoto aliyechanjwa akichomwa na msumari, bakteria anaweza kuingia, lakini silaha yake imekwishavunjwa. Kama kijidudu na ugonjwa vingekuwa kitu kimoja, chanjo hizo zisingefanya kazi hata kidogo.

Sehemu ya pili ni mahali, na hapa ndipo karatasi za vipimo hupotosha zaidi. Bakteria anayeitwa kolai, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na Theodor Escherich mwaka 1885, anaishi kwenye utumbo wa kila mmoja wetu tangu siku za kwanza za maisha, na humo husaidia hata kutengeneza vitamini K. Baadhi ya jamaa zake wana vinyweleo vya kunata vinavyowawezesha kushika ukuta wa kibofu, na wakifika huko huleta maumivu ya mkojo ambayo wanawake wengi wanayajua. Lakini hata kibofuni hadithi haijaisha. Wapo watu, hasa wanawake wenye umri mkubwa, ambao mkojo wao una bakteria wengi na hawana homa, hawana maumivu, hawana chochote. Miongozo ya kitaalamu inasema watu hao wasipewe dawa, kwa sababu dawa haiwapi faida yoyote na inawaletea madhara. Isipokuwa mjamzito, ambaye bakteria haohao wanaweza kumpandia kwenye figo na kumhatarishia mimba, huyo hutibiwa. Matokeo ni yaleyale kwenye karatasi, uamuzi ni tofauti kabisa, kwa sababu mwili uliopimwa ni tofauti. Nani kati ya wapimaji wa kambi hizi za barabarani anauliza umri, mimba na dalili kabla ya kuandika “UTI”?

Kwa wasomaji wa Mbozi na Mbeya Vijijini nitaongeza mfano wa minyoo, ingawa tegu wa nguruwe si kijidudu cha kuonekana kwa hadubini pekee. Anayekula kitimoto chenye mabuu kisichoiva vizuri hupata tegu utumboni, na anaweza kuishi naye miaka bila shida kubwa. Lakini mtu akimeza mayai ya tegu huyohuyo, kutoka kwenye choo cha mtu mwenye naye, mabuu hutoka utumboni na kujijenga hata kwenye ubongo, na matokeo yake ni kifafa. Mdudu ni mmoja, mwili wa binadamu ni mmoja. Kilichobadilika ni hatua ya maisha yake na mahali alipofika.

Sehemu ya tatu ni mwili unaopokea, na kwa hili Nyanda za Juu Kusini zina mwalimu bora kuliko vitabu vyote. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu nchini Kenya mwaka 1921, imewafilisi wafugaji wa Rungwe, Kyela na kwingineko zaidi ya mara moja. Ikiingia kwenye banda, karibu nguruwe wote hufa ndani ya siku chache, na hakuna dawa. Kirusi hichohicho kinaishi ndani ya ngiri wa porini, na ngiri haugui. Papasi wanaokaa kwenye mashimo ya ngiri hukipitisha kutoka kizazi kimoja kwenda kingine, na maisha ya porini yanaendelea kimya kimya. Ukimpima ngiri utakuta kirusi. Ukimpima nguruwe anayekufa utakuta kirusi kilekile. Anayetaka kujua kama kirusi hicho “ni kibaya” hana budi kwanza aseme: kibaya kwa nani? Ngiri na kirusi wamekaa pamoja kwa muda mrefu mno hata wakazoeana, ilhali nguruwe wa kufugwa ni mgeni aliyeletwa kwenye mkataba asioujua.

Binadamu naye hana tofauti kubwa. Kila familia ya Makete au ya Mbeya mjini inamjua ndugu aliyeshuka Kyela kwa biashara ya mpunga akarudi na malaria kali, wakati wenyeji wake wazima wa huko walikuwa na vimelea kwenye damu na wakiendelea na kazi shambani. Mtu aliyekua kwenye joto la pwani ya Ziwa Nyasa amekutana na vimelea tangu utoto na mwili wake umejenga kinga ambayo haiwaondoi wote, lakini inawazuia wasilete homa. Aliyekulia kwenye baridi ya milimani hana akiba hiyo. Kwa huyo wa pili, “malaria moja” ni hatari ya kukimbizana nayo usiku; kwa yule wa kwanza, vimelea vichache kwenye damu vinaweza kuwa havihusiani kabisa na homa aliyonayo, na anayemtibu malaria peke yake anaweza kuiacha nimonia iendelee kukomaa kifuani.

Kwa kuwa tunazungumzia mazoea, niseme kwa ufupi kwamba maisha yetu ya kila siku yamejaa vijidudu tusivyoviogopa. Utomvu wa mwanzi unaokingwa kwenye mbeta huanza ukiwa mtogwa mtamu na kuwa mkangafu kwa kazi ya hamira na bakteria waliojileta wenyewe kutoka hewani, na wanywaji wa ulanzi wa Iringa na Njombe hawajawahi kuomba cheti cha maabara. Togwa na maziwa mgando hutengenezwa na bakteria wa asidi, na watafiti waliofanya kazi nchini mwetu miaka ya 1990 walionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walikuwa na bakteria wachache zaidi wa kuharisha kwenye choo chao. Mwili wa mtu mzima, kwa makadirio ya mwaka 2016, una bakteria wapatao trilioni 38, zaidi kidogo ya idadi ya seli zake mwenyewe. Spishi zote zinazojulikana kumletea binadamu maradhi, ukijumlisha virusi, bakteria, fangasi, protozoa na minyoo, ni kama 1,400 hivi. Katika ulimwengu wa vijidudu, uadui na binadamu ni kazi ya wachache sana.

Wakulima wa viazi mviringo wanalijua somo hili bila kulipa jina la kitaalamu. Bakajani, ugonjwa unaobabua majani ya viazi, huwa tishio shamba la Umalila au la Kitulo wakati wa mvua na ukungu wa baridi, na jua likiwaka wiki mbili mfululizo hutulia, ingawa chanzo chake hakijahama. Ndiyo maana vyuo vya kilimo hufundisha pembetatu ya ugonjwa: kimelea, mmea na mazingira, na upande mmoja ukikosekana pembetatu haisimami. Ajabu ni kwamba mkulima huyohuyo, akishuka mjini na kupimwa mkojo, anaisahau pembetatu yake yote na kubaki na upande mmoja. Katika tiba ya binadamu fikra hiyo iliwekwa wazi mwaka 1999 na Arturo Casadevall na Liise-anne Pirofski, waliopendekeza kwamba kipimo cha ugonjwa kiwe madhara yanayoonekana mwilini, na kwamba madhara hayo yanaweza kutoka kwa kijidudu, yanaweza kutoka kwa kinga dhaifu, na yanaweza kutoka kwa kinga iliyopitiliza. Mapango yanayochimbika kwenye mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu, kwa mfano, kwa kiasi kikubwa huchimbwa na vita vya mwili wenyewe.

Zipo hoja dhidi yangu, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba asiyeumwa leo anaweza kumuua mwenziwe kesho. Mary Mallon, mpishi wa New York, alibeba bakteria wa taifodi bila kuugua, akawaambukiza watu wa nyumba alizopikia, na tangu alipobainika mwaka 1907 aliishia kutengwa kwa zaidi ya miaka 20 kwa jumla hadi kifo chake mwaka 1938. Ninaikubali hoja hii bila masharti: mpishi wa mgahawa au wa shule akithibitika kubeba taifodi, hali yake si siri yake peke yake. Ila neno muhimu ni “akithibitika”. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896 na ambacho bado kinatawala kwenye meza nyingi za upimaji, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kijidudu, na ambazo zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, au kuletwa na jamaa wengine wa bakteria huyo. Katika maeneo ambako taifodi ipo siku zote, Widal moja peke yake haithibitishi jambo. Anayetaka uhakika huotesha damu au choo, kazi ya siku kadhaa, na spika ya barabarani haina siku kadhaa.

Hoja ya pili inahusu bakteria wa tumbo, na hii ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria. Marshall aliwanywa mwenyewe mwaka 1984 akapata uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 1994 bakteria huyo anahesabiwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani. Kwa muda mrefu imekadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaye, ilhali wanaopata vidonda ni kama asilimia 10 hadi 20 ya hao, na wanaopata saratani ni wachache zaidi. Wapo mabingwa wa fani hiyo wanaosema kila aliyethibitika kuwa naye atibiwe, kwa kuwa hatuwezi kujua mapema nani atapata saratani. Sina elimu ya kuwapinga, na pengine wako sahihi. Lakini hata wao wanataka kipimo kinachoonyesha maambukizi yaliyopo sasa, kama cha choo au cha pumzi, badala ya kingamwili za damu ambazo hubaki hata baada ya kupona. Wanataka dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida siku 14 kamili. Na wanataka mgonjwa apimwe tena baadaye kuhakikisha bakteria wametoka. Kuuziwa vidonge vya siku tano na kuambiwa urudi kambi ijayo hakuna uhusiano na hoja yao, hata kama kunatumia jina lao.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka upande mwingine, na inanikera kwa sababu inafanana na yangu kwa mbali. Wauzaji wa dawa lishe wamegundua kwamba watu wamechoka na antibayotiki, wakaanza kutangaza kwamba vijidudu si tatizo kabisa, tatizo ni kinga, na kwamba mwenye kinga imara, yaani aliyenunua kopo lao, haugui. Kama mwili peke yake ungekuwa ndio unaoamua, kichaa cha mbwa kingewachagua wadhaifu. Hakichagui: dalili zikishaanza, karibu kila mtu hufa, mwanariadha na mgonjwa sawasawa, na kinachookoa ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na kuwahi chanjo kabla dalili hazijaanza. Mafua makali ya mwaka 1918 yaliwaua kwa wingi vijana wa miaka 20 hadi 40, watu wenye kinga ya kujivunia. Pettenkofer alikuwa na hoja bora kuliko wauzaji hawa, naye angalau alikunywa kikombe chake mwenyewe.

Inabaki hoja ya tahadhari, ambayo husemwa kwa sauti ya chini lakini ndiyo inayoendesha biashara nzima: dawa ni nafuu, hospitali ni mbali, kwa nini tusitibu tu kila kinachoonekana? Nina shangazi anayeishi Uyole ambaye ndani ya mwaka mmoja alipewa antibayotiki ya sipro mara tatu kwa taifodi ileile ya kwenye karatasi, kisha akaanza kununua dawa ya fangasi. Hakuunganisha mambo hayo mawili. Fangasi huyo alikuwa akiishi naye kwa amani, akizuiwa na bakteria wa asidi waliomzunguka, na dawa iliwaondoa walinzi. Ukiacha mtu mmoja mmoja, kuna gharama ya jamii. Makadirio ya mwaka 2019 yalihusisha usugu wa bakteria dhidi ya dawa na vifo milioni 4.95 duniani, kati yake milioni 1.27 vikitokana moja kwa moja na usugu huo, na Septemba 2024 viongozi wa dunia waliokutana Umoja wa Mataifa walikubaliana kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Tanzania nayo ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mipango hiyo mara nyingi huelezwa kama suala la nidhamu: maliza dozi, usinunue bila cheti. Nidhamu ni muhimu, lakini mtu anayeamini kwa dhati kwamba kukutwa ni kuugua ataendelea kutafuta dawa, na akikatazwa duka moja ataingia la pili. Tena kila dozi inayotolewa kwa kolai asiye na kosa inamfundisha usugu, naye bakteria hupeana jeni za usugu kama walivyopeana zile za sumu, pamoja na wale wenye kosa.

Kinachohitajika, kwa hiyo, ni maswali zaidi kabla ya kipimo, na hapa mikoa yetu ina sababu ya pekee ya kuyazingatia. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Maana yake ni kwamba miongoni mwa watu waliojipanga kwenye foleni ya kambi, wapo ambao kwao kijidudu kinachoonekana kidogo ni jambo la kufa na kupona. Takriban robo ya watu wote duniani wamekwishaambukizwa kifua kikuu, na asilimia 5 hadi 10 tu ya hao watakiugua maishani. Mwenye VVU asiyetibiwa ana hatari kubwa zaidi mara nyingi, na ndiyo maana yeye hupewa dawa ya kuzuia akiwa bado hakohoi.

Yupo pia fangasi mmoja wa kwenye udongo na vinyesi vya njiwa ambaye wengi wetu tumemvuta puani bila kujua na bila kudhurika. Kwa mgonjwa wa VVU ambaye seli zake za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka chini ya 100, fangasi huyo hupanda hadi kwenye utando wa ubongo na kuua. Alama zake huweza kuonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuwapima mapema wagonjwa wa VVU wenye CD4 chini ya 200, kuwatibu waliokutwa nazo, na kuwatembelea nyumbani wiki za mwanzo za dawa za VVU kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Hao walitibiwa kwa kukutwa tu, bila dalili, na ilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kabla ya kuangalia kijidudu mpimaji alikuwa amekwishauliza ni mwili wa nani.